Jiwe Lina Kwao

Ukitoka Kiserian ukapita Kona Baridi, barabara ya Magadi inaanza kuteremka Bonde la Ufa, na joto linakupokea kabla hujafika chini. Olorgesailie iko huko, kilomita 70 hivi kusini-magharibi mwa Nairobi. Mgeni hupelekwa kwanza kwenye kijia cha mbao kilichojengwa juu ya mamia ya mashoka ya mawe, yaliyoachwa palepale yalipokutwa. Mary na Louis Leakey waliyafikia mwaka 1942. Ni mashoka makubwa, mengine yanajaza viganja viwili, na watu huyapiga picha sana, nayo yanastahili. Lakini leo naomba tuyapite. Ninachotaka kukuonyesha ni kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, ni cheusi, na ukikitupa kwenye changarawe hutakiona tena.

Ni kipande cha obsidiani, jiwe la kioo linalotoka volkenoni. Kiinue juani: katikati ni giza, ila ukingoni, pale kinapokonda, mwanga unapenya kwa rangi ya kijivu chenye ukijani. Pitisha kidole polepole. Ukingo huo una makali kuliko wembe wa dukani, na aliyeuchonga alijua anachokitafuta. Basi tazama milima iliyoizunguka Olorgesailie. Ni mawe magumu ya volkeno, mengi yake ni trakiti na basalti, na ndiyo yaliyochongwa mashoka yale makubwa. Obsidiani haipo. Kipande hiki kililetwa.

Sura iliyotangulia ilihusu umri wa mawe. Hii inahusu kwao, mahali yalikozaliwa, na jinsi fizikia inavyotuwezesha kupajua bila kulivunja jiwe lenyewe.

Kipimo kinachotumika zaidi siku hizi ni kifupi, dakika chache tu. Mashine ina ukubwa wa drili ya fundi, imesimamishwa kwenye kiegemeo pua ikitazama juu. Penye pua pana kidirisha chembamba, hakizidi upana wa kidole. Kipande kinapanguswa vumbi, kinalazwa juu ya kidirisha kwa upande wake ulio bapa, kifuniko cha kuzuia mionzi kinashushwa, taa nyekundu inawaka. Hakuna mlio wala moshi, na jiwe halipati joto la kuhisika. Kwenye skrini mstari unaanza kuinuka na kutengeneza vilele. Upande wa kushoto kinapanda kilele cha chuma, kirefu. Kulia kinachomoza cha rubidiamu. Hatua moja mbele, mahali pa strontiamu, pana bonde tupu au kilima kidogo cha kutilia shaka. Kisha inakuja zirkoniamu, na hiyo inapanda mpaka unadhani itatoboa juu ya skrini. Mtu aliyezoea mawe ya Naivasha akiuona mstari huo hana haja ya kungoja kompyuta imalize hesabu, anajua tayari kwamba jiwe limetoka upande ule.

Ndani ya kipande, kilichotokea ni hiki. Mashine imerusha miali ya eksirei. Elektroni za atomi zimejipanga kwa matabaka kuuzunguka kiini, na mwali ukiigonga elektroni ya tabaka la ndani kabisa, unaing'oa. Nafasi ile haikai wazi. Elektroni ya tabaka la nje inashuka kuijaza, na nishati iliyokuwa nayo kupita kiasi inaitoa ikiwa eksirei mpya. Eksirei hiyo mpya ndiyo mashine inayoisubiri, kwa sababu nishati yake haibahatishi. Ikitoka kwenye chuma ina elektronivolti 6,400. Ikitoka kwenye rubidiamu ni 13,400, strontiamu 14,200, zirkoniamu 15,800. Chuma kilicho katika jembe la mkulima na chuma kilicho katika kipande cha Olorgesailie vinajibu kwa sauti ileile. Mashine inasikiliza kila sauti na kuhesabu imesikika mara ngapi. Kisha elektroni zinarudi mahali pake, na jiwe linarudishwa kwenye mfuko wake likiwa lilelile.

Aliyetuonyesha kwamba sauti hizo zina mpangilio ni kijana Mwingereza, Henry Moseley. Mwaka 1913 na 1914 alipima eksirei za elementi moja baada ya nyingine, akaona kwamba kipeuo cha pili cha masafa yake kinapanda ngazi kwa ngazi, sawasawa na idadi ya chaji chanya katika kiini cha atomi. Kabla yake, nafasi ya elementi katika jedwali ilikuwa namba ya foleni tu. Baada yake ikawa kitu kinachopimika. Vita Kuu ilipozuka alijiunga na jeshi, akauawa Gallipoli tarehe 10 Agosti 1915. Alikuwa na miaka 27. Kila ninapouona mstari ule ukipanda kwenye skrini humkumbuka, kwa maana kila kilele kinasimama mahali alipotufundisha kukitazamia.

Lakini kujua kilichomo ndani ya jiwe hakutoshi kukupa kwao. Lazima pia volkeno zitofautiane, na hapa ndipo Bonde la Ufa lilipotutendea wema. Obsidiani hutokea pale lava yenye silika nyingi inapopoa haraka hata fuwele zikakosa muda wa kukua. Ukiitazama silika peke yake, obsidiani zote ni ndugu, nyingi zina asilimia 70 na kitu. Tofauti iko kwenye vitu vidogo, vile vinavyohesabiwa kwa sehemu moja katika milioni, ambayo ni kama punje tatu za mahindi ndani ya magunia kumi ya kilo mia mia. Chini ya volkeno za Eburru na Olkaria, upande wa Naivasha, uji wa magma ulikaa muda mrefu ukipoa kidogokidogo. Fuwele za feldispa zilipoganda zilivuta strontiamu na bariamu, zikazitoa kwenye uji. Zirkoniamu haikupata fuwele ya kuipokea, kwa sababu magma ya huku ina sodiamu na potasiamu nyingi kupita kawaida, basi ikabaki kujilimbikiza katika uji uliosalia. Mlipuko ulipokuja, kioo kilichoganda juu ya ardhi kilihifadhi historia hiyo yote. Obsidiani ya Eburru ina chuma kingi kuliko ya Olkaria, na hata miamba miwili iliyo kwenye mlima mmoja inaweza kutofautiana, kwa kuwa imetoka katika vipindi tofauti vya uji uleule.

Wazo la kuyatumia haya katika akiolojia lilishika nguvu mwaka 1964, pale Johnson Cann, mwanajiolojia, na Colin Renfrew, mwanaakiolojia, walipotenganisha obsidiani za nchi za Mediteranea kwa kuangalia elementi chache, hasa bariamu na zirkoniamu. Njia yao ilidai kipande kisagwe kidogo. Ilikuwepo njia nyingine, ya kuliweka jiwe ndani ya tanuri la nyuklia, nyutroni zikaviamsha viini vya atomi na kila kiini kikajitaja kwa miali ya gama. Ni njia yenye usahihi wa kusifika, ila jiwe hutoka humo na mionzi, na mara nyingi unahitaji kulikata. Kwa Kenya na kaskazini mwa Tanzania kazi ya msingi iliandikwa mwaka 1984 na Harry Merrick na Francis Brown. Walikusanya obsidiani kwenye vyanzo vyake, wakaipima, kisha wakalinganisha na zana kutoka kwenye machimbo ya wanaakiolojia. Kupima kwenyewe huenda kulikuwa ndiyo sehemu rahisi. Kabla ya hapo lazima mtu atembee. Apande Eburru, ashuke bonde la Njorowa, avuke mbuga kavu za kaskazini akiokota mawe, akiandika kila moja limetoka mlima gani na upande upi. Bila orodha hiyo ya vyanzo, mashine inakupa namba zisizo na anwani.

Sasa turudi Olorgesailie. Mwaka 2018 kundi la watafiti, miongoni mwao Alison Brooks na Rick Potts wakishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walitangaza matokeo ya tabaka zenye umri wa kati ya miaka 320,000 na 295,000. Mashoka makubwa hayakuwamo tena. Zana zilikuwa ndogo, zimechongwa kwa mpango, na nyingi zilikuwa za obsidiani. Elementi zilipopimwa, vyanzo vikaonekana katika pande kadhaa, vingi vikiwa mbali kwa kilomita 25 hadi 50, na vingine kufikia 95. Hizo ni kilomita za kunguru. Mtu anayekwenda kwa miguu anazunguka magema ya Bonde la Ufa, anatafuta maji, anakwepa simba. Katika tabaka za zamani zaidi za palepale, zile za mashoka, mawe karibu yote yalitoka umbali usiozidi kilomita 5.

Nimetembea mchana mmoja katika joto lile, na chupa ya maji mkononi, nikajua kilomita 5 ni nini. Kilomita 95 ni jambo la aina nyingine. Ni zaidi ya eneo ambalo kikundi cha wawindaji hulizunguka katika siku zake za kawaida. Ama watu walisafiri makusudi kwenda kulifuata jiwe wakipita katika nchi za wengine, ama waliwajua watu wa nchi hizo na jiwe likapita kutoka mkono hadi mkono. Kwa vyovyote vile palikuwa na kuelewana. Na sio obsidiani peke yake iliyoletwa. Palikutwa pia vipande vya madini mekundu na meusi yanayofaa kwa rangi, na viwili vya rangi nyekundu vina alama za kuchimbwa na kusagwa. Watafiti wanaonyesha kwamba nyakati hizo hali ya hewa ilikuwa ikiyumba, ardhi ikipasuka kwa matetemeko, na wanyama wakubwa waliozoeleka wakipotea. Naiona mantiki ya jambo hilo kwa urahisi. Mwaka wa njaa, mwenye rafiki upande wa pili wa mlima ana mahali pa kukimbilia, na rafiki hutunzwa kwa kutembeleana na kupeana. Kipande kile kidogo kuliko ukucha, kwangu, kina harufu ya kutembeleana.

Nisikuache ukidhani kwamba umbali ulikua tu kadiri miaka ilivyosonga. Katika Rasi ya Homa, kando ya Ziwa Victoria, Kanjera Kusini ina zana za kiasi cha miaka milioni 2, za mtindo wa kale kabisa wa kugonga jiwe kwa jiwe. Huko pia elementi zilipimwa kwa eksirei, na sehemu isiyo ndogo ya mawe ikaonekana imebebwa angalau kilomita 10. Nyayanga, katika rasi hiyohiyo, ni ya zamani zaidi, kiasi cha miaka milioni 2.6, na matokeo yaliyotoka mwaka 2025 yanafikisha kilomita 13. Sababu iko chini ya miguu: mawe mengi ya rasi yenyewe ni laini, makali yake hayadumu. Viumbe wale, ambao wala hatuna hakika walikuwa wa jamii gani, walilikataa jiwe la mlangoni wakalifuata gumu la mbali. Olorgesailie ya mashoka ilikuwa na jiwe zuri karibu, basi kwa nini mtu ahangaike? Umbali peke yake haukuambii akili ya mtu. Kwanza uliza alichokuwa nacho nyumbani.

Kwa maana hiyo, Mumba ndiyo inayonisumbua zaidi. Ni pango la mwamba karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, lililochimbwa na Ludwig Kohl-Larsen miaka ya 1930 na baadaye na Michael Mehlman. Watu wa Mumba walikuwa na kwatsi ya kutosha, na zana zao nyingi ni za kwatsi. Hata hivyo, katika tabaka za Zama za Mawe za Kati vilikutwa vipande vichache vya obsidiani, ambavyo Merrick na Brown walivifuata hadi eneo la Naivasha, zaidi ya kilomita 300. Hakuna aliyehitaji jiwe hilo ili kuchuna ngozi. Kazi ya kukata ingefanywa na kwatsi. Vile vipande vichache vilifika kwa sababu nyingine, na mashine haiwezi kuitaja. Inajua mwanzo wa safari na sisi tunajua mwisho wake. Njia, idadi ya mikono, na miaka iliyopita kati ya mkono mmoja na mwingine, hayo hayana kilele kwenye skrini.

Bonde la Eyasi leo ni nchi ya Wahadzabe, ambao chuma cha vichwa vya mishale yao wamekipata kwa kubadilishana na majirani zao Wadatoga. Sisemi kwamba mambo ya Mumba yalikuwa hayohayo. Nasema tu kwamba mtu anaweza kuishi maisha ya kuwinda na kukusanya, akajua kila mti wa nchi yake, na bado akawa na kitu mkononi kilichoanzia kwa watu wa desturi na lugha nyingine kabisa.

Na kwatsi yenyewe je? Hapa inabidi tuwe wakweli juu ya chombo chetu. Kwatsi ni silika iliyo karibu kuwa safi. Ukiilaza kwenye kidirisha, mstari unabaki chini, hauna cha kusema. Zana nyingi za Afrika Mashariki ni za kwatsi, kwa hiyo ramani zetu za safari za mawe ni ramani za obsidiani na mawe machache mengine yenye sauti. Huenda Mumba palikuwa na kwatsi iliyotoka mbali pia, na bado imenyamaza kwenye makabati.

Wembamba nao ni tatizo. Eksirei ya zirkoniamu ina nguvu, hutoka ndani ya milimita kadhaa za kioo. Kipande kikiwa chembamba kuliko hapo, mashine inahesabu zirkoniamu pungufu, na jiwe la Eburru linaweza kuonekana kama la mlima mwingine. Zana za Zama za Mawe za Mwisho ni vijembe vyembamba kama kucha, ndivyo hasa tunavyotamani kuvijua. Wenye ujuzi hulinganisha uwiano wa elementi, kwa mfano rubidiamu kwa zirkoniamu, badala ya kiasi cha kila moja, na hupima kwanza mawe yenye majibu yanayojulikana. Asiyejua hubonyeza kitufe na kuamini jibu. Mashine hizi sasa ni rahisi kubeba, na hofu yangu kubwa iko hapo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka karibu zaidi na siku zetu, wakati mifugo ilikwisha kufika nyanda za juu za Kenya. Kuanzia kiasi cha miaka 3,000 iliyopita waliishi huko wafugaji wa mila mbili, wote wakichunga ng'ombe, kondoo na mbuzi, katika nchi zilizopakana. Wanaakiolojia waliwatofautisha kwa vyungu na kwa namna ya kuchonga visu vya mawe. Elementi zikaongeza jambo ambalo hakuna aliyeweza kuliona kwa macho. Watu wa mila ya Elmenteita walichukua obsidiani yao, kwa sehemu kubwa kabisa, kutoka miteremko ya juu ya Eburru. Wenzao wa mila ya pili walichukua yao kwenye vyanzo vya bonde la Ziwa Naivasha. Hata Gogo Falls, karibu na Ziwa Victoria, kama kilomita 200 kutoka Eburru, watu wa Elmenteita waliendelea kupata jiwe la mlima wao.

Mtu anaweza kusimama Eburru na kuliona Ziwa Naivasha likimeta chini yake. Vyanzo vyote viwili viko ndani ya mwendo wa siku moja. Kama suala lingekuwa jiwe tu, kila mtu angeokota lililo karibu. Vizazi kwa vizazi hawakufanya hivyo. Pengine mlima ulikuwa wa ukoo fulani, pengine kuchukua jiwe la Eburru kulikuwa kukiri kwamba wewe ni wa Eburru. Najua nakisia. Lakini ninakisia juu ya tofauti ya kweli, iliyopimwa, iliyokaa ndani ya kioo tangu kabla hapajawa na ng'ombe nchini.

Na katika karibu kila mkusanyiko mkubwa uliopimwa hubaki vipande vichache ambavyo havilingani na chanzo chochote kwenye orodha. Mstari wake ni safi, vilele vinasomeka, chuma kiasi hiki, zirkoniamu kiasi hiki, ila hakuna mlima unaojibu. Hupewa herufi au namba, vinawekwa kwenye kijimfuko chao, na kijimfuko kinarudishwa kwenye trei. Mahali fulani Bonde la Ufa kuna ukingo wa lava nyeusi, labda umefunikwa na majivu ya mlipuko wa baadaye, labda uko nyuma ya boma la mtu na watoto wanaruka juu yake wakienda kisimani. Safari ijayo ya kukusanya mawe, ndio huo wa kutafuta.